Vijiti Viwili vya Shamba la Juu

Mwanangu Monika,

Umelala na gauni la safari mwilini. Nilikwambia safari ni kesho, ukanijibu, "Najua, ndiyo maana nimeshavaa." Hujafikisha miaka minne na tayari unanishinda kwa maneno. Nimefurahi. Mama yako maneno humkwama kooni tangu utotoni, na barua hii, utakapojua kusoma, ni habari ya maneno yaliyonikwama na yaliyotokea baada yake.

Sasa ni saa nane mchana. Mvua imetulia kidogo, lakini ukungu umekaa juu ya miti ya miwati na haujaondoka tangu asubuhi. Mama mkubwa wako Anna, dada yangu, aliyepanda jana kutoka Magoma kuja kukuchukua, yuko jikoni anagombana na kuni mbichi. Bibi amekaa mlangoni na rozari yake. Ni bibi yangu mimi, aliyenilea mama alipofariki, lakini wewe pia unamwita Bibi na anaitika. Saa kumi wanajumuiya watakuja kusali hapa, wiki hii ni zamu yetu. Kuna jambo lazima niliseme mbele yao leo. Naandika kwako kwanza, ili nikishaliandika nisipate pa kukimbilia.

Habari za kuoga, kula na kuvaa viatu sitaziandika. Anna ana watoto watatu, anazijua kuliko mimi.

Nianze na kimya changu, kwa sababu hata wewe ulikuja ndani yake. Nilikuwa kidato cha tatu, bweni, kule Lushoto. Nilijua kwamba upo, nikakaa miezi mitano bila kumwambia mtu. Sikupanga kuficha. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, na kila jioni nilijiambia kesho. Baba yako alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Alihama shule na hakuandika tena. Sina hasira naye siku hizi, ila sina pia la kukusimulia. Likizo ilipofika nilirudi nyumbani nimevaa sweta la shule kwenye jua kali. Bibi alikuwa anamenya viazi.

"Tekla, unasikia baridi?"

"Hapana, Bibi."

"Basi vua."

Nikavua. Nikasimama pale nasubiri kofi, au kilio, au nifukuzwe. Bibi ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, kwa hiyo alinyoosha mkono akagusa tumbo langu, kama anavyogusa kabichi kujua kama imefunga. Akaokota kisu chake, akaendelea kumenya. Kiazi kimoja, kiazi cha pili. Kisha akasema, "Haya. Kesho tutasoma masomo tukiwa watatu."

Hakuniuliza kitu kingine siku ile.

Masomo yenyewe unayajua, japo huwa unasinzia katikati. Kila asubuhi, ng'ombe akishapata majani, mimi husoma masomo ya siku kwa Kiswahili, Bibi hufumba macho, kisha hutoa tafakari kwa Kishambaa. Yeye hakumaliza darasa la pili. Lakini nimesikia mahubiri mengi na hakuna niliyoyakumbuka kama ya kwake. Asubuhi moja tulisoma habari za yule mama mjane aliyepika mkate wa unga wake wa mwisho akampa nabii, na unga haukuisha. Nilidhani Bibi atasema tuwe na imani. Akasema, "Unafikiri yule mama hakuwa anachungulia chungu? Alichungulia kila siku. Kuangalia si dhambi, mjukuu wangu. Aliangalia, akapika hivyo hivyo."

Likumbuke hilo la chungu. Nitalirudia.

Sasa mlima. Unaondoka kwa sababu ya mlima.

Mzee Hamza ndiye aliyeona ufa wa kwanza, wakati wa vuli. Yule mzee wa ng'ambo ya bonde mwenye mbuzi, anayekupa ndizi na kukuita mchumba. Alikuwa anapita shamba letu la juu kwenda kukata majani, akashuka mbio mpaka hapa, fimbo mkononi.

"Bibi Paulina, hodi! Shamba lako limepasuka."

"Limepasuka wapi?"

"Juu ya matuta ya viazi. Linaanzia kwenye miwati linaishia karibu na mgomba. Mguu wangu umeingia mpaka hapa." Akaonyesha kwenye kifundo.

Nilipanda kuona. Haukuwa mpasuko wa kiangazi, ule wa udongo mkavu. Ulikuwa mstari mrefu, umepinda kidogo kama tabasamu, na upande wa chini udongo ulikuwa umeshuka kimo cha ngazi moja. Chini yake ni viazi vyetu, chini ya viazi ni nyumba yetu, chini yetu ni nyumba ya Mama Zawadi na watoto wake wanne.

Hapa naomba unielewe vizuri. Mimi nilijua ni nini. Kidato cha pili tulifundishwa, kwa Kiingereza, dalili za ardhi inayotaka kuporomoka: nyufa, miti kuinama, maji kutoka mahali pasipo na chemchemi, milango kukataa kufunga. Mtihani ulipokuja niliziandika zote, mwalimu akaweka vema kila mstari. Lakini Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye karatasi, na sala zetu zilikuwa za Kiswahili na Kishambaa, na vitu hivyo viwili sikuwahi kuvikalisha chumba kimoja. Nilisimama juu ya ufa na jibu lote kichwani. Nikashuka nikamwambia Bibi, "Ni ufa kweli."

Mama Zawadi alipoambiwa habari ya ufa hakungoja. Wiki ile ile alichukua watoto na ng'ombe, akaenda kukaa kwa kaka yake, Mgwashi. Sisi tuliobaki, kwenye jumuiya, tukaamua novena, siku tisa za sala, nia yake mlima utulie. Na kwa kuwa watu wetu ni wakulima na hupenda kuona kazi imefanyika, Katekista alichonga vijiti viwili vya mkaratusi, akapigilia kimoja juu ya ufa na kimoja chini yake. Akanyoosha kamba kutoka kimoja hadi kingine, akafunga fundo. "Siku ya tisa," akasema, "tutakuja na kamba hii. Fundo likigusa kijiti, tumejibiwa."

Sijui kama kwingine watu hufanya hivyo, kumpimia Mungu kwa kamba. Wakati ule hakuna aliyeona ubaya. Hata siku ya nne, lilipotokea somo la imani ndogo kama punje ya haradali na mlima unaoambiwa uondoke, mwenyekiti wetu, Mzee Kristofa, alichekesha watu: "Jamani, sisi ni watu wa ajabu. Wenzetu wanaomba mlima uhame, sisi tunaomba ukae!" Tulicheka wote. Mimi nilicheka nikiwa nimeshika kitabu, kwa sababu msomaji nilikuwa mimi. Kusoma maneno yaliyoandikwa na mwingine hakunitishi hata mbele ya waumini wote wa kigango.

Siku ya tisa nilipanda shambani peke yangu alfajiri, na rula yangu ya shule. Kamba ilikuwa kwa Katekista, lakini nilikuwa nimepima siku ya kwanza kwa siri: rula moja kamili. Asubuhi ile ilikuwa rula moja na vidole vinne.

Nilikaa chini kwenye umande. Niliwaza Bibi, alivyofunga siku tisa akinywa uji tu. Niliwaza watu watakavyosimama pale na kamba fupi, na mtu atakavyouliza, "Tekla, wewe ulikuwa unaangalia kila siku, hukuona?" Na mimi nijibu mbele ya wote. Niliwaza aibu ile kuliko nilivyowaza ufa.

Nikang'oa kijiti cha chini. Nikakisogeza juu vidole vinne, nikakipigilia kwa jiwe, tundu la zamani nikalifukia kwa kisigino. Ilikuwa kazi ndogo sana, Monika. Kama kupanda mche mmoja wa kabichi.

Saa tatu walikuja. Katekista akanyoosha kamba, fundo likagusa kijiti, wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo. Bibi alipiga magoti kwenye tope akalia. Nilisema moyoni, umeona, umemfurahisha, Mungu mwenyewe hawezi kukasirika. Ndilo kosa langu ninalotaka ulijue kwa jina. Nilidhani tumaini ni kumsaidia Mungu aonekane amejibu.

Baada ya wiki mbili Mama Zawadi alirudi. Alikuja na watoto wote wanne, ng'ombe, na kuku kwenye tenga. Kabla ya kufungua nyumba yake alipita hapa kusalimia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi?"

"Nimerudi. Kule kwa wifi sufuria ni moja na macho ni mengi." Akacheka. "Nimesikia Mungu ametusikia, nikasema basi nami nirudi kwangu."

Ulikuwa mgongoni mwangu. Hapo ndipo palikuwa pa kusema, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichosema mimi ni, "Karibu, Mama Zawadi, nikuletee maji."

Kabla ya Noeli Padre alipofika kigangoni nilikwenda kutubu. Nilisema nimesema uongo. Akauliza, "Umemdhuru mtu?" Nikajibu, "Bado." Akasema, "Basi nenda kauondoe kabla haujadhuru." Akanipa na sala za kitubio. Sala nilizisali zote siku ile ile, magotini, bila kuruka hata moja. Lile la kwanza aliloniambia nikaliacha pale pale kanisani, nikarudi nyumbani kana kwamba nimemaliza.

Kiangazi kilinisaidia kusahau. Ardhi ilikauka, ufa ukajaa majani, nikapanda maharage kandokando. Kisha masika ikaanza.

Wewe umeiona, ila hujui ulichokiona. Ile siku ulipopiga kelele kwa furaha, "Mama, jikoni kuna mto!", yalikuwa maji yanatoka kwenye kona ya ukuta, ya rangi ya chai ya maziwa. Miwati ya juu imeinamia upande wetu kama watu wanaotaka kusikia tunachozungumza. Na mlango. Tangu Jumatatu haufungi. Anna alipofika jana aliusukuma kwa bega, akauliza, "Huu mlango mmeufanya nini?" Bibi akamjibu, "Ni mbao, imevimba kwa mvua." Nikatazama pembeni. Niliona ule mtihani wangu wa kidato cha pili, mstari mmoja mmoja, na vema zake.

Mzee Hamza amehamisha mbuzi wake wote waliokuwa upande huu. Juzi alinikuta kisimani. "Mjukuu, mimi namwomba Mungu huyo huyo mnayemwomba nyinyi, mara tano kwa siku. Lakini mbuzi nimeshawatoa. Nyinyi mnangoja nini?"

"Bibi anasema Mungu alishajibu, babu."

"Alijibu lini?"

Nikajitwika ndoo yangu, nikaondoka. Usiku ule nilimtumia Anna ujumbe aje akuchukue. Sababu niliyoandika ni baridi, kwamba kifua chako kinakusumbua. Unaona? Hata hapo.

Anna si mtu wa kudanganyika. Jana jioni alinivuta nje.

"Mtoto hakohoi. Una nini?"

"Mlima."

"Basi fungasheni wote. Wewe na Bibi. Kwangu padogo lakini tutabanana."

"Bibi hataki. Anasema tulishajibiwa."

"Na wewe unabaki kufanya nini? Kumsomea masomo mpaka lini?"

Sikuweza kumwambia kwamba mimi ndiye niliyempa Bibi sababu ya kubaki. Siwezi kumtoa Bibi ndani ya nyumba hii bila kumtolea kwanza ule uongo. Siwezi kumtoa Mama Zawadi. Wote wamekaa juu ya kijiti kimoja nilichokisogeza vidole vinne.

Nasikia watu wanapanda. "Tumsifu Yesu Kristo!" Ni sauti ya Mzee Kristofa, huwa anaanza kusalimia kabla hajaonekana. Naweka kalamu. Nitarudi kukuandikia nikiwa nimesema, au sitarudi kabisa, maana nikinyamaza leo sitakuwa na haki ya kukushauri kitu chochote.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na moja na nusu. Bado umelala, hukuamshwa hata na watu wote waliokuja.

Nikusimulie jinsi ilivyokuwa. Walikuja kumi na wawili, wakakaa kwenye mikeka na vigoda. Mama Zawadi alikaa karibu na mlango akimnyonyesha mtoto wake wa mwisho. Nilisoma somo bila kutetemeka. Mzee Kristofa akatoa tafakari ndefu. Kisha ikafika nafasi ya nia, kila mwenye ombi aseme. Mmoja akaombea mume wake aliye Tanga, mwingine akaombea ng'ombe. Mimi huwa siombi kwa sauti, wameshazoea, huniruka. Mzee Kristofa alikuwa ameshaanza Baba Yetu nikasimama.

"Vijiti nilivisogeza mimi."

Walidhani sijamaliza sentensi. Katekista akasema kwa upole, "Vijiti gani, Tekla?"

"Vya novena. Siku ya tisa asubuhi. Ufa ulikuwa umeongezeka vidole vinne, nikasogeza cha chini. Fundo halikugusa. Mungu hakujibu vile. Ni mimi."

Mzee Kristofa, maskini, alitafuta kitu cha kusema. "Kwa hiyo siku ile tuliimba...?" Hakumaliza. Kuna aliyecheka kwa mshtuko. Mvua ikarudi kwenye bati. Mama Zawadi akamtoa mtoto kwenye titi.

"Lini hasa?" akaniuliza mimi, si Katekista.

"Kabla hujarudi, mama."

"Nilikusalimia hapa. Ukaniletea maji."

"Ndiyo."

"Watoto wangu wanne wanalala chini ya kijiti chako, Tekla. Miezi yote hii. Na wewe unapita na kitabu chako cha masomo."

"Nisamehe. Naomba uhame leo. Nakuomba, mama, leo hii."

Akasimama, akajifunga mtoto mgongoni. Sikutegemea alichosema. Nilidhani atakimbia kufungasha. Akasema, "Nilihama kwa maneno yenu, nikarudi kwa maneno yenu. Nikaaibika kwa wifi yangu, nikaaibika hapa. Leo mnaniambia hama. Kesho mtaniambia vijiti vimesogezwa upande mwingine. Sihami. Nyinyi mna maneno mengi sana." Akatoka kwenye mvua bila kuaga.

Monika, hilo ndilo sikulijua. Nilidhani uongo ukiutoa, ukweli unakaa mahali pake palepale, kama kijiti kwenye tundu lake la zamani. Haukai. Tundu limeshafukiwa. Nimesema kweli kwa mara ya kwanza maishani mwangu mbele za watu, na mtu niliyetaka kumwokoa hakuniamini kwa sababu yangu mwenyewe.

Watu walitaka kutawanyika. Bibi akasema, "Tumalize sala." Wakamaliza. Walipoondoka, baadhi walikwenda moja kwa moja kufungasha, niliwasikia wakiitana. Nilipiga magoti mbele ya Bibi. Alikuwa na rozari mkononi lakini hakuwa anasali.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Bibi?"

"Siku ya pili yake nilipanda peke yangu kwenda kumshukuru Mungu. Siyaoni mambo, lakini nikapapasa. Nikakigusa kijiti, na udongo wake ulikuwa mlaini. Nikapapasa upande wa chini, kidole kikaingia kwenye tundu."

"Mbona hukusema?"

Anna alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, hajui aingie au atoke.

"Nilikufundisha habari za yule mama wa chungu," Bibi akasema. "Kwamba aliangalia. Mimi nilipoangalia nikaogopa. Nikafukia tena lile tundu kwa kidole changu. Nikashuka nikakwambia Mungu ni mwema." Akaanza kulia bila sauti. "Mungu ni mwema. Ila mimi sikutaka asikilizwe, kama alikuwa anasema tuondoke."

Sasa tuko wawili, Bibi na mimi, tuliofukia tundu moja kwa nyakati tofauti bila kuambiana.

Anna akasema, "Basi yameisha. Bibi, simama, mtaondoka na sisi asubuhi." Bibi akatikisa kichwa. "Siwezi kushuka nimwache mtu niliyempandisha. Mama Zawadi akifunga mlango wake, na mimi nitafunga wangu."

"Wako haufungi, Bibi," Anna akasema, na hata yeye alishindwa kucheka.

Nami nimesema hivyo hivyo, kwamba nabaki na Bibi mpaka Mama Zawadi atoke na watoto wake. Nitakwenda mlangoni kwake kila asubuhi na kila jioni. Nitamwomba, nitamkera. Usifikiri mama yako ni shujaa. Ningekuwa na ujasiri kidogo wakati wa vuli nisingeuhitaji mwingi hivi leo. Nataka ujue tu kwamba sikukuacha uende peke yako kwa sababu nilikupenda kidogo. Nakutoa hapa kwa sababu wewe huna deni na kijiti chochote.

Kesho utakuwa chini, Magoma, kwenye joto na maembe, na mlima utauona kwa mbali kama kitu cha buluu, kizuri. Watu wa chini huuona mzuri. Watoto wa Anna wana kelele, usijifiche nyuma ya mlango kama nilivyokuwa najificha mimi. Ukivunja kikombe, sema nimevunja. Ukiogopa, sema naogopa. Sauti ikitetemeka iache itetemeke.

Anna atakusalisha asubuhi. Nimemwandikia sala yetu ile tuliyoitunga na Bibi baada ya kulia, ili mioyo yetu iwe mahali pamoja hata kama miguu haipo:

Mungu wa asubuhi, nifungue macho niangalie. Nifungue mdomo niseme. Nikishaangalia na nikishasema, unishike.

Hatukuweka ombi la mlima utulie. Bibi alitaka kuliweka, akafikiri, akasema, "Hapana. Hilo tulishaliomba. Sasa tuombe lile tusilolitaka." Mimi sijui kama hilo ndilo tumaini. Ninachojua ni kwamba tangu nimesema, kifua changu ni chepesi, na ninaogopa kuliko jana. Vyote viwili kwa pamoja. Sikujua kwamba vinaweza kukaa pamoja.

Barua hii naiweka kwenye begi lako, chini ya sweta jekundu, na Anna nimeshamwambia. Nikishuka mwenyewe, ataniruhusu kuichukua, nami nitaichana na kukusimulia yote kwa mdomo, ukiwa mapajani kwangu, maana kuanzia leo naweza kusimulia. Kama imekufikia mkononi na unaisoma kwa macho yako, basi ujue mama yako alibaki kwa ajili ya nani, na usimchukie Mama Zawadi hata siku moja. Alikuwa na haki ya kutuamini mara ya kwanza na haki ya kukataa mara ya pili.

Kabla giza halijaingia Anna atakubeba kukuvusha kwa Mzee Hamza. Mtalala kule, gari la asubuhi linapita upande wake. Nilitaka niandike mengine, habari za mama yangu, na jinsi ulivyokuwa unacheka somo la Zakayo kupanda mti. Lakini nimeinua macho sasa hivi, na kwa kuwa mlango haufungi na ukungu umeinuka kidogo, naona mpaka shamba la juu. Kuna mtu anapanda katikati ya matuta, kwenye mvua, peke yake, khanga kichwani. Ni Mama Zawadi. Ana kamba mkononi.

Amekwenda kupima mwenyewe.

Bibi ameuliza ni nani, nimemwambia. Amesema, "Mfuate. Mwonyeshe lile tundu la zamani, bila hilo atapima vibaya." Ni kweli, Bibi haoni, na zaidi yake mimi peke yangu ndiye ninayejua lilipokuwa. Navaa koti la mvua. Rula ninayo.

Nimekubusu shavuni, ukapangusa ukiwa usingizini. Anna yuko hapa. Tangulieni kwa Mzee Hamza, tukishapima nitawakuta kule.

Mama yako,
Tekla